Kinyonga Aliyepakwa Samli

Haya, wewe uliyekwisha kukaa, nikutegee kimoja kabla hujanyoosha miguu. Nina mgeni nyumbani kwangu: jicho moja linaniamkia, jicho la pili linatafuta mlango. Ni nani?

Sema basi. Mshenga? Hapana. Mkwe? Hapana. Paka aliyeiba dagaa? Kwa tabia umekaribia, kwa mwendo hapana. Umeshindwa, nipe mji. Na usinipe Mwanza, Mwanza nimepewa mara nyingi mpaka nimechoka kuitawala. Nipe Runzewe. Haya, nimekwenda Runzewe, nimekula kuku wao, nimelalia godoro la mwenyekiti, nimerudi. Jibu ni kinyonga.

Kinyonga nilikuwa namwogopa tangu utoto. Wala usidhani mimi ni mwoga wa viumbe. Marehemu mume wangu alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, na chatu wake alikaa chini ya kitanda chetu miaka sita. Nilikuwa nafagia, nampiga na ufagio mkiani, namwambia sogea, anasogea. Lakini nyoka ana haya. Ukimtazama anaondoka. Kinyonga ukimtazama na yeye anakutazama, halafu jicho moja linaenda kuangalia kitu kingine, kama vile mazungumzo yako hayatoshi.

Sasa sikia yaliyonipata.

Mjukuu wangu Hosiana nimemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Leo ni dada mzima, anauza katika duka la pembejeo hapa hapa Tinde, mbegu na dawa za mifugo na vitu vya shamba. Mwaka jana akaingia dukani kijana anaitwa Amosi, mchimbaji wa dhahabu kutoka Kharumwa, akanunua gambuti jozi moja. Wiki iliyofuata akaja kununua jozi nyingine. Alipokuja kununua ya tatu nikamwambia Hosiana, "Mjukuu wangu, huyo kijana ana miguu miwili au sita?" Hosiana akacheka mpaka akajifunika uso na khanga, nikajua yameshakuwa.

Mimi sikumpenda. Si yeye, kazi yake. Wachimbaji nawajua. Akipata leo, kesho ana redio kubwa kama kabati. Keshokutwa redio haipo, kabati halipo, na yeye mwenyewe yuko chini ya ardhi anagonga mwamba. Hawafugi, hawapandi, hawaweki. Kwa hiyo alipokuja kunisalimia mara ya kwanza nilimwambia wazi.

"Amosi, baba, mimi sitaki maneno. Nionyeshe kitu kimoja ulichokilea kwa mkono wako na mpaka leo kinapumua."

Nilitegemea mbuzi.

Siku tisa kabla ya Jumamosi ya posa, Amosi akashuka kwenye basi na ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, imetobolewatobolewa ubavuni, juu imefungwa kipande cha chandarua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbuzi yuko wapi?"

"Si mbuzi, bibi."

"Kuku?"

"Si kuku."

"Ng'ombe ameingiaje kwenye ndoo?"

Hosiana akanifinya. Amosi akafungua chandarua taratibu kama anafunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na tawi la mkwaju, na juu ya tawi kitu cha kijani kisichozidi kidole changu, kichwani kimeinuka ngozi kama kilemba kinachoanza kufungwa. Jicho moja likaniangalia mimi. Jingine likaangalia mlango.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo Mama Boaz, jirani yangu wa mgahawa ng'ambo ya barabara, anauiga watu wakitaka kucheka.

"Anaitwa Diwani," Amosi akasema.

"Kwa nini Diwani?"

"Akiulizwa kitu anatikisa kichwa mbele na nyuma, halafu hafanyi."

Akaeleza. Alipewa na Masudi, mwenye duka la vipuri Runzewe, ambaye wajomba zake wa Yemen ndio waliomletea wazazi wa huyu kiumbe. Alimpata akiwa na wiki chache tu, sasa ana miezi minne. Miezi yote hiyo kijana mzima, mchimbaji, anamkamatia mtoto wa kinyonga panzi kila asubuhi kabla ya kushuka kwenye duara, yaani lile shimo lao.

"Vizuri," nikasema nikiwa nyuma ya mlango. "Nimeona. Mrudishe."

"Bibi, ukionyeshwa dakika tano utakuwa umeona nini? Kaa naye. Na wiki hii mashine ya kusaga mawe inatimua vumbi, litamuumiza macho. Nikija na mjomba siku ya posa nitamchukua."

Akaniachia karatasi ya daftari, mwandiko mzuri kuliko nilivyodhani. Asipapaswe, hapendi. Aote jua la asubuhi, lakini awe na kivuli cha kukimbilia. Ale wadudu walio hai tu, wasizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Asiwekewe maji kwenye kibakuli, kwa sababu maji yaliyotulia hayajui. Anajua tone linalodondoka kwenye jani.

Basi lilipoondoka, Hosiana akanishika mkono. Hakuwa anacheka.

"Bibi, nakuomba. Mimi nashinda dukani na madawa, siwezi kukaa naye. Huyu akikufia mikononi, mjomba wake Amosi atasema tumemuua makusudi ili tukatae posa. Ni mkali yule mzee, ataligeuza gari njiani. Utakuwa umenikatalia mchumba kwa mkono wako mwenyewe."

Ndipo nilipoona mtego niliojitega. Mimi niliyemwambia kijana anionyeshe kinachopumua, sasa kazi ya kupumua ilikuwa kwangu.

Siku ya kwanza nilimlea kwa mbali, nikisimama mlangoni na kumpa habari za mji. Nikamsogezea kwa fimbo kifuniko chenye ugali na mlenda. Alitazama ugali kwa jicho moja na mlenda kwa jicho la pili, akayafumba yote mawili. Nikasema huyu kalelewa Kharumwa kweli, anadharau chakula cha watu.

Maji nayo yalikuwa kazi. Tone linadondokaje kwenye jani na mvua hakuna? Nikakumbuka ninavyonyoosha nguo. Pasi ya mkaa ikiwa tayari, unajaza maji mdomoni, unaipulizia nguo, fyuuu. Nikajaza maji mdomoni, nikafumba macho kwa woga, nikampulizia Diwani. Nilipofumbua nilimkuta amekuwa mweusi kwa hasira, kilemba kimesimama. Halafu tone likateremka kwenye jani mpaka mbele ya pua yake. Akalitazama. Akalilamba. Akalamba jingine. Wewe, nilifurahi kama siku Hosiana aliponyonya chupa! Nikampulizia tena mpaka mashavu yakauma.

Chakula ndicho kilichonitoa nyumbani. Nilianzia ng'ambo ya barabara.

"Mama Boaz, jirani, una nzi?"

Mama Boaz alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha ungo.

"Nini?"

"Nzi. Wachache tu, wadogo wadogo. Watatu wananitosha."

"Mimi? Mgahawa wangu una nzi?"

"Sijasema una wengi."

"Watu wamekutuma! Wiki iliyopita bwana afya kapita hapa, kaangalia mpaka chini ya masufuria, kaondoka anaitikia kwa kichwa. Leo wewe, mayu, mama yangu, jirani wa miaka ishirini, unakuja kuniuliza nzi mbele ya wateja!"

Wateja wawili walikuwa wameshaanza kuchungulia mchuzi wao. Nikaondoka na ungo nusura unifuate.

Nikaenda buchani kwa Mabula. Buchani, nikasema, hapawezi kukosekana.

"Mabula, naomba nzi."

Mabula akatazama kushoto, akatazama kulia. "Bibi, hapa hakuna nzi."

Akisema hivyo nzi akatua kwenye mdomo wake.

"Na huyo?"

"Huyo anapita tu. Anakwenda Nzega."

Ndivyo mji wote ulivyonifanyia. Chumvi ukiomba unapewa, ungo ukiomba unapewa, moto ukiomba unapewa na kuni juu yake. Omba nzi uone utakavyogeuka mtu mbaya. Kila mtu anao, hakuna aliye nao.

Nikaamua kufuga wa kwangu. Nikaweka maganda ya papai na kichwa cha sato nyuma ya jiko, nikafunikia beseni lililotoboka. Siku ya pili nilikuwa na nzi wa kutosha kugawa, lakini sikumgawia mtu, waendelee na usafi wao. Jioni jua likipoa nilikwenda kwenye shamba la dengu na khanga yangu ya zamani, nikawarukia panzi. Mwanamke wa miaka sabini na mbili anaruka kwenye dengu, anaanguka, anacheka peke yake. Waliopita walinipa pole ya msiba.

Ungemwona Diwani anavyokula! Anasogea, anayumba kama mzee anayevuka tope, macho yote mawili yanakutana kwa mdudu, mdomo unafunguka kidogo kama anataka kukwambia siri. Halafu pwap! Ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Panzi hayupo. Na Diwani anatafuna huku akikutazama kama wewe ndiye uliyefanya jambo la ajabu.

Siku ya tano nilikuwa nimekwisha sahau kumwogopa. Nilimtegea vitendawili tukiota jua. Alishindwa vyote. Alishanipa Kahama, Bukombe na nusu ya Geita, na hakuonyesha kusikitika.

Sasa siku ya nane, Alhamisi, nikamkuta amefifia. Kijani kimeondoka, amekuwa rangi ya majivu. Nikamletea panzi, hakumtazama. Nikampulizia maji, akafumba macho. Ijumaa asubuhi ngozi ilikuwa imemsimama vipande vipande, nyeupe, mgongoni na kwenye kilemba, kama rangi inayobanduka ukutani. Kesho posa. Mjomba mkali yuko njiani. Na mimi nina kinyonga anayeoza akiwa hai.

Hosiana alikuwa dukani. Ningemwita, lakini ningemwambia nini? Nikafanya ninachokijua. Watoto wangu saba, ngozi ikikauka, nilikuwa nawapaka nini? Samli. Mtoto anang'aa, ngozi inalainika, analala. Nilikuwa na kibuyu cha samli safi ya Kharumwa, zawadi ya Amosi huyo huyo. Nikachovya kidole, nikampaka Diwani kichwani, mgongoni, tumboni, mkia mzima mpaka ncha. Nikampaka na viganja vyake vidogo, kimoja kimoja.

Akang'aa kweli. Nikamrudisha kwenye tawi. Akashika tawi. Akateleza. Akaning'inia chini kama popo. Akaanguka, pta.

Nikamrudisha. Akateleza, pta.

Mara ya nne nikaelewa nilichokifanya. Kiumbe ambaye maisha yake yote ni kushika, nimempaka samli mikononi.

Nilimfuta na kitambaa, lakini samli ya Kharumwa ukiipaka imepakwa. Mahali pekee alipoweza kujishikilia ni pazia la dirisha la sebuleni, lile la kufuma, kwa sababu kucha zinaingia kwenye matundu. Nikamweka huko juu penye jua. Hosiana aliporudi nikamwambia Diwani amebadilisha mazingira. Hosiana akanitazama kwa muda mrefu, lakini alikuwa na mchele wa kuchambua wa wageni arobaini, akaniacha.

Nilipanga Jumamosi asubuhi nimwondoe kabla wageni hawajafika. Wakafika mapema.

Mzee Mwigulu, mjomba wa Amosi na ndiye mshenga wake, ni mtu mnene wa sauti nzito, alivaa koti jeusi kwenye jua la Shinyanga, na shingo yake ilikuwa imekunjamana nyuma kama mto. Nyuma yake Amosi, shati jeupe lililonyooshwa mpaka lina makali. Kabla sijasema karibu, Mzee Mwigulu alikwishachagua kiti chake. Kiti kilichokuwa chini ya dirisha. Chini ya pazia.

"Mkwe, sogea kidogo huku, huko kuna jua."

"Hapa panatosha, mama. Jua la kwa watu wema haliunguzi."

Alikuwa msemaji, sitamnyima haki yake. Akakohoa, akaanza.

"Sisi ni wapita njia. Tulikuwa tunafuata nyayo za mtamba. Nyayo zimetuvusha mbuga, zimetupitisha mashamba ya pamba, zimeishia mlangoni kwako."

Siku nyingine ningemchezea mpaka jioni, maneno ya hivyo ndiyo maji yangu ya kunywa. Lakini juu ya kichwa chake Diwani alikuwa ameanza kuteremka. Pole pole. Anashika tundu, linamponyoka. Anashika la chini yake, linamponyoka. Jicho moja kwangu, jicho moja kwenye shingo ya mshenga.

"Mtamba wako ana alama gani?" nikauliza haraka.

"Ana alama ya upole, mama. Na kabla sijafika kwenye alama ya pili, nianze na historia ya ukoo wetu..."

"Ukoo tunaujua! Alama imetosha! Yupo, ndiye huyu!"

Watu wakanishangaa. Bibi wa msichana huwa anavuta muda, hakimbilii. Mzee Mwigulu mwenyewe alikosa nafasi ya kukaa kimya kwa heshima.

"Kama ndiye huyu," akasema, "basi tunaomba aulizwe mbele ya watu."

Kwa kawaida yetu, binti akisema anawafahamu wageni amekubali, nikamgeukia Hosiana, amekaa mkekani, khanga kichwani. "Hosiana, watu hawa waliokuja, unawafahamu?"

Hosiana akainamisha uso. Akavuta pumzi.

Diwani akaishiwa matundu.

Hakuanguka sakafuni. Aliingia kati ya kola ya koti na ile mikunjo ya shingo, akashika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na samli yake ya baridi.

"NIMESHIKWA!" Mzee Mwigulu akanguruma. "Jamani, nimeshikwa na kitu kina mikono!"

Akaruka juu na kiti chake. Koti likavuliwa huku mtu akikimbia, likabaki mlangoni, mtu akapita. Kuku wakatawanyika. Aliuvuka uwanja, akavuka barabara ya lami bila kutazama upande wowote, na tulipochungulia alikuwa amesimama juu ya benchi la Mama Boaz.

Amosi hakumkimbilia mjomba. Alipiga magoti mlangoni, akafunua koti, akamtoa Diwani kwa vidole viwili. Akamnusa.

"Bibi," akasema pole pole, "mbona ananukia samli?"

Nilitaka kusema uongo, ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwangalia Hosiana, nikaumeza.

"Ngozi ilikuwa inamtoka, baba. Nilidhani anakufa. Nikampaka kama mtoto."

Hosiana akafunika mdomo. Mimi nikasubiri Amosi anyanyuke na ndoo yake aende zake, na ningestahili. Badala yake alichomoa pindo la shati lake jeupe kutoka kwenye suruali, akaanza kumfuta nalo, kiganja kimoja kimoja.

"Hakuwa anakufa, bibi. Anakua. Akikua ngozi inambana, anaivua. Siku hizo hali vizuri, na rangi inafifia."

"Na kwenye karatasi hukuandika!"

"Nilisahau." Akaniangalia kwa haya. "Bibi, na mimi nikwambie ukweli. Huyu ni wa pili. Wa kwanza alinifia siku ya tatu. Nilimwekea maji kwenye kibakuli."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza anayepumua."

Nikamletea maji ya vuguvugu na tawi jipya la mkwaju. Alimfuta mpaka shati mbele likawa na ramani ya manjano. Hakumvuta ngozi hata kidogo, alimweka kwenye tawi na kumwacha. Diwani akashika. Sote watatu tukaangalia viganja. Havikuteleza. Akaanza kujisugua kichwa kwenye gome, na ngozi ikabanduka kwenye kilemba kama tangazo la mkutano wa mwaka jana, na chini yake kijani! Kijani cha mpunga mchanga. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Ng'ambo ya barabara Mzee Mwigulu alisikia kigelegele, akadhani mambo yameendelea bila yeye.

"Binti amejibu nini?" akaita.

"Rudi ndani, mkwe, tumemkamata!" nikaita.

Lori la mafuta likapita, sikusikia alichosema. Mama Boaz, ambaye tangu siku ya nzi hakuwa ananisemesha, akatoka kandokando ya lami, mwiko mkononi, akawa kipaza sauti.

"Anasema harudi! Anasema posa ataimalizia hapa hapa!"

"Mwambie ni mtoto wa miezi minne tu!"

"Anasema hata angekuwa wa siku moja! Anasema yeye ni mshenga, si mti!"

Basi la Kahama likasimama kushusha abiria, na abiria nao wakasimama. Mabula akatoka buchani na kisu. Tinde nzima ikawa imekaa kwenye posa yetu, nusu upande huu, nusu upande ule. Mzee Mwigulu, bila koti, akarekebisha kola ambayo haikuwepo, akapandisha sauti yake yote nzito juu ya barabara.

"Niliomba aulizwe, akaulizwa! Sijasikia jibu! Binti, watu hawa waliokuja, unawafahamu?"

Hata basi likazima injini.

Hosiana akatoka mkekani. Akasimama mlangoni, khanga ikamshuka mabegani. Akamtazama mzee juu ya benchi, akamtazama Amosi aliyepiga magoti kwenye vumbi, ndoo mbele yake.

"Wewe uliye juu ya benchi, shikamoo, lakini sikufahamu," akasema, na sauti ilifika mpaka buchani. "Huyu mwenye samli kwenye shati, ninamfahamu."